Nani Awe Somo wa Mtoto wa Zaina

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, kwa sababu hadithi hii simalizi mimi. Nitaibeba mpaka mlangoni tu, kuingia nayo ndani ni kazi yenu. Haina sungura wala jini. Ina watu watatu, mashine moja, na mguu wa mtoto.

Mambo haya yalitokea enzi za mkonge, katika mji mdogo wa reli ulioitwa Kwamsea. Hapo Kwamsea waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mdoe, na kipaji chake kilikuwa miguu. Alikuwa tarishi, akipeleka habari za stesheni kwenye mashamba kwa baiskeli. Wengine walikuwa na mbio kuliko yeye, hilo hakulikataa. Lakini Mdoe akishaanza kukanyaga pedeli, mwendo wake ni ule ule, mlimani na bondeni, asubuhi na jioni. Watu walizoea kumwona anapanda kilima cha misheni na gunia la chumvi nyuma huku anapiga mluzi.

Wa pili ni Nyamizi, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alitoka Unyamwezi na mumewe aliyekuja kukata mkonge. Mume akafariki, hawakujaliwa mtoto, na Nyamizi akabaki Kwamsea akisuka watu nywele. Kulikuwa na watoto waliokimbia nyumba tatu wakiona kitana mkononi mwa mama zao. Watoto hao hao wakikalishwa mapajani kwa Nyamizi, kabla hajamaliza mstari wa pili wameshalala.

Wa tatu ni Bibi Semeni, na kipaji chake kilikuwa kukataa. Msicheke. Ukaidi nao ni kipaji, hasa mwenye nao akiwa upande wako. Mkuu wa stesheni aliwahi kumwambia ahamishe karai lake la mihogo ya kukaanga kutoka kwenye kivuli cha ghala. Bibi Semeni akamtazama, akageuza mihogo yake upande wa pili. Mwaka ule aliyehama ni mkuu wa stesheni.

Sasa niwaambie habari za mashine.

Hospitali ya Kwamsea ilikuwa ndogo, na daktari wake alikuwa Mgoa mwembamba, mpole, mwenye miwani, jina lake Noronha. Ndiye aliyeleta eksirei. Siku ilipoteremshwa kwenye behewa watu walisimama mbali. Habari ilikuwa imeshatangulia kwamba kile chombo kinaona mifupa ya mtu akiwa hai, na mifupa ya mtu walijua huonekana kaburini tu. Wajawazito wakipita karibu na dirisha la chumba kile walijifunika tumbo kwa kanga mbili. Mzee mmoja alikataa katakata kupigwa picha ya kifua, akasema yaliyomo humo anayajua yeye na Mungu wake.

Ubishi ulipungua mkata mkonge mmoja alipopigwa picha ya mkono, watu wakauona mfupa umevunjika pale pale alipokuwa akionyesha siku zote, bosi wake akimwita mvivu. Tangu hapo watu walianza kuja wenyewe.

Lakini eksirei ya siku zile si hii mnayoijua ninyi, unaingia, unabana pumzi, unatoka. Kwamsea hapakuwa na umeme. Baiskeli ilifungwa juu ya jukwaa la mbao, gurudumu la nyuma likizungusha dainamo, na dainamo ikijaza betri kubwa. Aliyekuwa juu ya baiskeli ni Mdoe, kila daktari alipomhitaji. Picha yenyewe ilichukua muda mrefu, na muda wote huo mwendeshaji asitetereke wala mgonjwa asitikisike. Mgonjwa akikohoa, mfupa mmoja unatoka miwili. Na picha haikuwa ya karatasi. Ilikuwa ya kioo, na vioo vilitoka ng'ambo kwa meli kisha kwa treni.

Watu wazima walivumilia. Watoto ndio waliokuwa kazi, na kwa ajili yao daktari alimwita Nyamizi awe anawashika. Akawashika mwaka wa kwanza, akawashika wa pili. Kisha kucha zake zikaanza kuwa nyeusi na ngozi ya vidole ikapasuka kama ya mtu anayefua kwa magadi. Daktari Noronha aliposikia kwamba madaktari wenzake wa mbali wamepoteza vidole kwa sababu ya mwanga ule usioonekana, aliingiwa na hofu. Akaagiza glavu nzito zenye madini ya risasi ndani. Glavu zilipofika, akamwita Nyamizi akaitazama mikono yake kwa muda mrefu, kisha akamkataza kabisa kuingia tena chumba kile, hata na glavu. Nyamizi akarudi kwenye nywele zake.

Basi, mtoto. Mtoto aliitwa Sikudhani, binti wa Mbelwa na Zaina, mjukuu wa Bibi Semeni kwa upande wa mama. Zaina alikuwa amezika watoto wawili kabla yake. Sikudhani alipozaliwa akiwa mzima, bibi yake alimfunga kiunoni uzi wa shanga, na kwenye uzi ule akashonea kete moja nyeupe, ganda la konokono wa baharini, ikae juu ya nyonga ya kushoto, upande wa nje. Ndivyo walivyowafanyia watoto waliokuja baada ya misiba. Kila mtoto alivyokua uzi uliongezwa, lakini kete haikuhamishwa.

Mbelwa alikuwa mshona magunia katika ghala la stesheni. Sindano ya washona magunia, ile ndefu wanayoiita shazia, hawakuiweka mfukoni hata siku moja. Mshonaji akiitwa ghafla, anaichomeka kwenye mdomo wa gunia, ncha ikielekea ndani. Siku moja adhuhuri Mbelwa aliitwa kupokea mzigo, akachomeka kwa haraka, ncha ikabaki nje. Sikudhani alikuwa amemletea baba yake chakula. Akafanya alichokuwa akifanya kila siku: akapanda juu ya lundo la magunia, akateleza kushuka.

Mbelwa alisikia kilio akaja mbio. Akakuta shazia imezama kwenye paja la kushoto, upande wa nyuma, akaivuta, akaona damu, akaitupa kule, akamkumbatia mwanawe. Hakuitazama kama imetoka nzima. Ni nani kati yenu angeitazama?

Kidonda kilifunga upesi, kikawadanganya. Baadaye paja likaanza kujaa, Zaina akalikanda kwa maji ya chumvi, likazidi kujaa. Homa ikaja. Mtoto akaacha kula, halafu akaacha kulia, na hapo ndipo Zaina alipoogopa kweli. Mbelwa akarudi ghalani kuitafuta ile shazia. Akaipata nyuma ya mlango, nusu. Alikaa chini pale pale akalia mbele ya wapagazi, na hakuna aliyemtania.

Walimfikisha Sikudhani hospitali asubuhi. Daktari Noronha alilibonyeza paja, likawa limevimba kiasi kwamba chuma hakikupapasika popote. Akawaeleza bila kuwaficha. Kipande kipo ndani na kinaozesha nyama. Akijua kilipo, atapasua pahali padogo na kukitoa. Asipojua, hawezi kuchimba paja la mtoto kwa kubahatisha, kwa kuwa upande wa ndani hupita mshipa mkubwa wa damu, na mtoto alivyo dhaifu hawezi kupoteza damu. Na kama ifikapo jioni sumu itakuwa bado inapanda, hana njia ila kuukata mguu kuanzia nyongani.

Zaina aliuliza kama ile mashine ya kuona mifupa haiwezi kukionyesha. Daktari akasema inaweza. Ila kasha la vioo lililofika na treni ya mwisho lilikuwa limeangushwa, na ndani yake kilibaki kioo kimoja tu kizima. Picha ni moja. Ikiharibika, hakuna ya pili.

Mbelwa akatoka barazani, na mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja dawa akaweka nadhiri. Akasema, "Zaina ni mjamzito. Atakayeuokoa mguu wa mwanangu, huyo ndiye atakuwa somo wa huyu aliye tumboni."

Hilo lilikuwa jambo zito, na ni lazima niwaeleze uzito wake. Kwamsea, mtoto alikuwa na somo mmoja, hawi wawili. Siku mtoto anapotolewa nje mara ya kwanza, somo ndiye anayempokea mlangoni na kumwita jina, lake mwenyewe au la mtu wake aliyetangulia. Hawakujali la kike wala la kiume. Kuanzia hapo mtoto ni wa somo wake nusu nzima. Mavuno ya kwanza atakayovuna kwa mkono wake yanakwenda kwa somo. Somo akizeeka, ndiye wa kumtekea maji. Somo akifa, ndiye anayetangulia mbele ya jeneza, hata kama marehemu ana wanawe kumi. Mtu mwenye somo hakuogopa kuzeeka peke yake.

Sasa tazameni kila mmoja alifanya nini.

Betri ilikuwa tupu, na Mdoe hakuwa kazini. Asubuhi ile ile mtu alishuka kutoka milimani kumwambia kwamba baba yake, Mzee Hoza, amezidiwa na anamuulizia. Mdoe alikuwa ameshafunga mzigo kwenye baiskeli yake na kujaza upepo. Daktari hakumwita, maana alijua. Alimpandisha jukwaani mpishi wa hospitali, halafu mpagazi mmoja mwenye mapaja mazito, na taa ndogo ya kupimia ikawa inaruka ruka na kufifia. Mdoe alikuwa amesimama langoni akiyaona yote hayo. Alimtazama Mbelwa, akautazama mlima. Kisha akafungua mzigo wake, akaulaza chini, akapanda jukwaani. Alikanyaga tangu asubuhi mpaka jua likapinda, taa ikiwaka bila kupepesa hata kidogo. Siku hiyo hakupiga mluzi.

Mtoto akavuliwa nguo alazwe mezani. Daktari akaamuru kila kitu kitolewe mwilini, na shanga pia, kwa sababu vitu vya aina hiyo huweka kivuli kwenye picha. Bibi Semeni akasimama kati ya mkasi na mjukuu wake. Akasema uzi ule haukatwi. Zaina akamsihi. Mbelwa, kwa heshima ya mkwe, hakuthubutu kusema neno, akabaki anakunja kofia yake. Mhudumu mmoja akamwita mjinga mbele za watu, Bibi Semeni akamjibu kwamba ujinga wake umeshalea watoto, na yeye wake umelea nini? Daktari alimweleza kwa upole kwamba kete haiwezi kuuponya mguu. Bibi akasema, "Sijasema inaponya. Nimesema haitoki." Muda ulikuwa unakwenda. Daktari akapangusa miwani, akasema basi, na iwe hivyo.

Ikabaki mtoto atulie. Zaina alikuwa mjamzito, haruhusiwi kukaribia. Mhudumu akavaa zile glavu nyeusi nzito kumshika, na Sikudhani, aliyekuwa hana nguvu hata ya kulia, alipoziona alipiga ukelele na kujipinda mpaka ikabidi wamwache. Mara Nyamizi akaingia. Hakuna aliyejua nani amempa habari. Daktari akamkumbusha katazo. Nyamizi akamwambia analikumbuka. Akachukua glavu akazivaa, mtoto akaanza tena kutetemeka, basi akazivua akaziweka chini ya meza. Akaweka mkono mmoja juu ya goti la Sikudhani na mwingine tumboni, mikono mitupu, akaanza kumwimbia polepole wimbo wa kwao Unyamwezi ambao mtoto hakuelewa hata neno moja. Sikudhani akatulia. Mashine ikawashwa ikavuma, Mdoe akakanyaga, na mikono ya Nyamizi ikabaki pale pale chini ya mwanga ule mpaka daktari aliposema imetosha.

Daktari aliingia na kioo chumba cha giza, akakiosha, akatoka nacho kikichuruzika maji. Akakiinua dirishani. Picha ilikuwa safi. Mfupa wa paja ulisimama wima, na kando yake kipande cha shazia, cheupe, kimelala mshazari. Mbelwa alikiona akageuza uso. Daktari alisema kipo upande wa ndani, karibu na ule mshipa mkubwa, na sauti yake ilibadilika aliposema. Akachora alama ya wino kwenye paja la mtoto, upande wa ndani, akaanza kunawa mikono.

Lakini hakuridhika. Kabla ya kushika kisu alikiendea tena kile kioo. Pembeni kabisa, juu, karibu na nyonga, aliona kitu kidogo kama punje ya haragwe. Akauliza ni nini kile. Bibi Semeni akamjibu kutoka mlangoni, bila kukisogelea kioo, kwamba kama kiko nyongani basi ni kete yake.

"Kete hii umeifunga upande gani?" daktari akauliza.

"Nje. Tangu alipozaliwa iko nje."

Kwenye kioo, kete na shazia vilikuwa upande mmoja.

Daktari Noronha alikishusha kioo polepole. Picha ya kioo huonekana pande zote mbili, na ukiishika kinyume, ndani inakuwa nje. Kwa kawaida aliweka kipande cha waya kilichokunjwa pembeni ili kimwonyeshe upande. Siku ile, kwa makelele ya glavu na shanga, alikuwa amesahau kukiweka. Alikigeuza kioo, akakaa kitini kidogo, kisha akafuta ile alama ya wino kwa kitambaa. Akapasua upande wa nje, pahali padogo. Shazia ikatoka.

Homa ilishuka. Sikudhani aliomba uji, na Zaina alilia kuliko alivyolia siku zote za ugonjwa. Baada ya majuma kadhaa mtoto alikuwa anakimbia, na alipita ghalani kwa baba yake, ingawa magunia hakuyapanda tena.

Mdoe aliposhuka jukwaani siku ile, miguu ilimkataa. Walimshika mabega mpaka ikarudi. Kisha alifunga tena mzigo wake na kuanza kupanda mlima. Karibu na kijiji chao alikutana na watu wakishuka na majembe mabegani, akaelewa bila kuambiwa. Mzee Hoza alikuwa amezikwa alasiri ile. Dada yake alimweleza kwamba mpaka mwisho mzee alikuwa akiuliza, "Hiyo si kengele ya baiskeli?" na wao walikuwa wakimwambia ndiyo, anakuja. Mdoe alilala kwenye kitanda cha baba yake, na asubuhi akarudi kazini.

Nyamizi naye, kabla mwaka haujaisha, vidole vyake viwili vilikufa ganzi na kimoja daktari alilazimika kukikata. Hawezi tena kushika unywele mmoja akautenga na mwingine. Watoto bado wanakwenda kukaa mapajani kwake, ila kusukwa wanasukwa na mtu mwingine.

Zaina akajifungua salama, mtoto wa kiume, mwenye sauti. Siku ya kumtoa nje ilipofika ua ulijaa. Mbelwa akasimama mbele ya watu na nadhiri yake, akagundua kwamba hajui afanye nini.

Najua yupo kati yenu aliyekwisha kusema moyoni, mpe daktari. Na wao walisema hivyo. Daktari Noronha alikuwepo, na alikataa mbele ya wote. Alisema mtu aliyekishika kioo kinyume asihesabiwe, na kwamba mpaka leo akifumba macho huiona ile alama ya wino. Basi mtoeni. Wamebaki watatu.

Wa kwanza kusema alikuwa Bibi Semeni, na hamkutegemea vingine. Alisema yeye haoni haya. Wajukuu wamejaa ua mzima, wote wamepewa majina ya upande wa baba, na hakuna hata mmoja anayeitwa Semeni. "Nikifa leo," alisema, "jina langu linafukiwa na mimi. Na mguu ule mngeupasua kusikostahili, msingekuwa na cha kusherehekea hapa." Watu walicheka, lakini wengi walikubali, kwani kweli kabisa bila kete ile jasho la Mdoe na vidole vya Nyamizi vingeishia kwenye kisu kilichokosea. Wengine wakanong'ona kwamba bibi hakujua lolote juu ya picha. Aling'ang'ania tu kama anavyong'ang'ania kila kitu, na siku nyingine ukaidi ule ule ungeweza kuiharibu picha. Mtu hulipwa kwa jambo ambalo hakulikusudia?

Kisha wakamgeukia Mdoe. Alisema hadai. Watu wakadhani amemaliza. Halafu akasema, "Ila baba aliniita na sikuitika. Mtoto huyu angeitwa Hoza, ningekuwa na wa kumwita mimi." Hapo kuna waliofuta macho. Alichotoa Mdoe hakirudi, wakasema, na alikitoa kwa mtoto asiye wake. Lakini mzee mmoja, aliyempenda sana Mdoe, akauliza kwa masikitiko, je, ni haki mtoto wa Zaina abebeshwe deni la kitanda cha Mzee Hoza? Na Mzee Hoza mwenyewe, aliyekuwa akisikiliza kengele, alikubali lini?

Nyamizi alikuwa nyuma kabisa, mikono ameificha ndani ya kanga. Walimwita mara kadhaa. Mwishowe akasema, "Mniache nisijibu. Nikisema nataka, nitaonekana nauza vidole vyangu. Nikisema sitaki, nitakuwa mwongo." Kisha minong'ono ikaanza tena. Hana mume, hana mtoto, sasa hana na kazi, nani atamtekea maji? Na aliingia chumba kile akijua, kuliko wote, mwanga ule unafanya nini. Lakini daktari alipoulizwa, alisema ukweli wake: mikono ile ilishaumia kwa watoto wengi waliotangulia, na hakuna anayeweza kusema ni picha ipi iliyomaliza vidole. Pengine ni ya Sikudhani, pengine si yake.

Msiniambie mtoto apewe masomo watatu. Walilifikiria kabla yenu, na wazee wakakataa, maana mtoto wa watu watatu akikua kila somo atadhani maji ametekewa mwenzake. Wala msiniambie wasubiri Zaina azae tena. Zaina amesema hapana, na mimi simlaumu.

Hadithi hii nimeisimulia mahali pengi. Wanawake wengi humpa Nyamizi, kisha hugombana na wale wanaompa Mdoe. Wenye mama wakwe hucheka na kumpa Bibi Semeni, wakisema Mbelwa naye ana maisha ya kuishi. Kuna mtu mmoja, mzee wa makamo, aliinuka akaondoka bila kujibu, na baadaye niliambiwa alikwenda moja kwa moja kumtazama baba yake. Mimi mwenyewe huwa nina jibu nikianza kusimulia, na nikifika hapa huwa sina tena.

Jua linashuka Kwamsea, na mtoto haruhusiwi kurudi ndani bila jina. Sikudhani ameketi kizingitini, anamchezea mdogo wake mguu. Zaina amemwinua mtoto akamweka mikononi mwa Mbelwa. Mbele ya Mbelwa wamesimama watatu. Mama mkwe ameshanyosha mikono. Mdoe ameiweka yake nyuma, kichwa ameinamisha. Nyamizi, mara hii, ameitoa kwenye kanga, ameiacha ionekane kama ilivyo.

Mbelwa amepiga hatua moja, amesimama. Hawezi. Amegeuka anawatazama ninyi.

Haya, mpokeeni mtoto. Ni mzito kidogo, mshikeni vizuri kichwa. Mnamweka mikononi mwa nani?